Kalamu ya Zaituni ilivyolia tak

Ijumaa, Nkoma, Mbale. Rasharasha tangu adhuhuri, ile mvua isiyolowesha nguo ila inalowesha mawazo. Mlima umejifunika wingu hadi magotini. Nimekaa dirishani, miguu juu ya kibao, na kichwa changu bado hakijafika kutoka Jinja. Mwili umefika. Kichwa kitakuja na gari la jioni.

Mnaosoma ukurasa huu mnanijua. Kwa mgeni: mimi ni bibi wa Nalufenya, Jinja, shule niliiacha darasa la tatu, na kalamu natengeneza mwenyewe kwa mti. Ukurasa alinifungulia mjukuu wangu Zaituni kwenye simu, akaniambia, "Haboba, andika kama unavyoongea." Haboba ndiyo nyanya kwa Kinubi chetu. Basi naandika kama ninavyoongea. Herufi ikidondoka, mtaiokota nyinyi mliosoma.

Leo nina jambo la kukiri.

Nimepasua kalamu ya harusi.

Msianze kupiga kelele. Kwanza mjue kalamu yenyewe ilitoka wapi. Mume wangu, Mungu amrehemu, watu wote walimwita Afande, ingawa jeshini alikuwa seremala tu na silaha yake ilikuwa randa. Alipozeeka nuru ya macho ikamtoka kidogo kidogo, kama taa inayokosa mafuta. Akawa anatembea na bakora ya mti wa kahawa, aliyochongewa huku huku Mbale. Mti wa kahawa ni mgumu, mweupe kama siagi, na una kiburi. Ukiukosea adabu unapasuka mbele ya wageni.

Afande alishika mpini. Zaituni, akiwa bado mtoto wa kufika kiunoni, alishika ncha ya chini, akamwongoza kwenda msikitini na kurudi. Mtoto mbele, mzee nyuma, bakora katikati yao kama mkono wa tatu. Wengi katika nchi hii wakisikia mzee anaongea Kiswahili chetu wanakumbuka mabuti ya askari. Wale wawili walipopita, sijaona mtu aliyekumbuka mabuti. Watu walisogeza baiskeli zao wapate njia.

Wakifika nyumbani Zaituni anaiachia ncha, na Afande anagonga saruji ya baraza mara moja. Tak. Maana yake: nimefika, weka chai.

Alipofariki, bakora niliikata vipande. Watu walinisema. Waliosema hakuna hata mmoja aliyewahi kuishika. Kila mjukuu akifunga ndoa anapata kalamu ya bakora, nayo ndiyo anayotilia sahihi cheti cha ndoa, yeye na mwenzake na mashahidi na sheikh. Kipande cha mwisho kabisa, ile ncha ya chini aliyokuwa akiishika Zaituni, nilimwekea yeye. Miaka yote kilikaa juu ya kabati langu kinakauka, kinanisubiri. Hakuna kingine. Kikiharibika hicho, bakora imekwisha duniani.

Na harusi ni kesho.

Sasa rudini nami Jumanne, Jinja. Asubuhi hiyo ukungu ulipanda kutoka mtoni, ukaingia hadi kwenye karakana yangu, yaani kile kibanda cha mabati nyuma ya jiko. Siku ya ukungu nafanya kazi kama mtu aliye ndotoni. Mashine ya kukereza inaimba, vumbi la mti linanukia mkate, mikono inakwenda yenyewe na mimi nipo mahali pengine, sijui wapi, mahali pazuri. Kipande nilishakitoboa katikati. Nilishatia kijibomba cha shaba ndani kwa gundi. Nikakikereza kikawa chembamba kama kidole cha bibi harusi, nikakipiga msasa, nikakipaka nta, kikang'aa hadi nikakionea haya. Ilibaki kuunganisha tu: ncha ya chuma upande huu, kibonyezo upande ule, kila kimoja kisukumwe ndani ya bomba kwa vaisi, kile kibanio kikubwa cha benchi.

Na hapo kwenye kuunganisha ndipo kalamu zinapokufa. Sikilizeni, nyinyi mnaoniandikia kila siku, "Bibi, yangu imepasuka kwa nini?" Imepasuka kwa sababu una haraka! Gundi inapotiwa, nyingine inaingia ndani ya mdomo wa bomba, inakauka, inakuwa kama mchanga. Wewe huioni, unashughulika na kung'arisha nje. Unasukuma chuma, chuma hakina nafasi, kinapanua shaba, shaba inapanua mti, na mti hauna pa kwenda. Kwa hiyo kabla ya kuunganisha unaviringisha msasa kama sigara, unasugua ndani mpaka shaba ing'ae. Ukingo wa mdomo unaukwangua kidogo kwa ncha ya kisu. Halafu jaribu chuma kwa mkono. Kikiingia kidogo bila ugomvi, vizuri. Kikigoma, rudi kwenye msasa, usilete nguvu zako za kuchota maji. Paka nta ya mshumaa. Sukuma wima, taratibu, pumzika, sukuma tena. Na kama ndiyo kwanza umetoka kupiga msasa nje, mti una joto bado. Uache upoe. Kunywa chai.

Hayo nawafundisha wanawake wa mtaa wangu. Mmoja nilimfukuza kwenye benchi kwa kusahau msasa wa ndani. Nilimwambia mikono yake ni ya kusongea ugali tu.

Jumanne, msasa wa ndani niliusahau mimi.

Niliusahau kwa sababu nilikuwa nacheka. Simu nimeibana kwa bega, naongea na Zaituni. Anaolewa na Hamza, kijana wa Kigisu, kwao Nakaloke, hapo mbele tu ukitoka Mbale. Na nilikuwa namwigiza mama mkwe wake, Mama Hamza, ambaye r na l kwake ni mapacha, anamwita huyu akaja yule. Akikuaga usiku anasema "rara sarama."

"Haboba, wacha," Zaituni ananiambia, na yeye mwenyewe anacheka.

"Siachi. Mwambie nikija nitarara kwake, anitandikie kitanda kirefu kama urimi wake."

Mkono unazungusha mpini wa vaisi. Hauniulizi.

Tak.

Sasa niwaambie kitu, na msinicheke. Niliposikia ile sauti sikuangalia kalamu. Niliangalia mlango. Nikainuka, nikaenda jikoni, nikaweka maji ya chai. Wallahi. Maji yameanza kuimba ndipo nikakumbuka kwamba yule wa kunywa chai hayupo, hayupo miaka mingi, na kwamba kilicholia ni kitu kingine.

Nikarudi polepole, kama mtu anayerudi kuangalia maiti. Ufa ulikuwa mdomoni, upande wa kibonyezo, urefu wa ukucha, mwembamba kama unywele.

Simu bado ilikuwa inaongea benchini. "Haboba? Upo? Nini kimelia?"

"Kifuniko cha sufuria," nikasema.

Mtu mzima, mjane, mwenye kuswali. Kifuniko cha sufuria!

Siku nzima sikugusa kitu. Nilikaa kwenye kiti chake barazani, ukungu ukaondoka, jua likaja, likaondoka nalo. Nikawa namwona Afande anakuja njiani, bakora mkononi, na kila akikaribia bakora inafupika, inafupika, mpaka anafika ameshika kitu kidogo kama kijiti cha kiberiti, ananiuliza nimemfanya nini. Sijui nililala au nilikuwa macho. Kwa umri wangu hiyo tofauti ni ndogo.

Jumatano nikajikaza. Ufa ukiuacha unatembea, hivyo usiuache. Kwanza nilikitoa kile chuma, nikikigonga kwa ndani na msumari uliokatwa kichwa, gonga ndogo ndogo kama unabisha hodi kwa mgonjwa. Kilipotoka, ufa ukajifunga wenyewe karibu wote. Hapo wengi ndipo wanapofurahi na kudhani umepona. Haujapona. Nikasugua ndani ya bomba, na hiyo gundi iliyotoka, ndugu zangu, ilikuwa kama ukoko wa uji. Nikaona haya peke yangu.

Kisha nikaufungua ufa kidogo kwa ncha ya wembe, nikatia kahawa. Ndiyo, kahawa ya unga, nyeusi, ya huku huku mlimani. Vumbi la mti wenyewe lingekuwa jeupe, ufa usingeonekana, na mikono yangu ilikuwa imeshalishika. Nikalirudisha. Nilishadanganya mara moja wiki hii. Mti wa kahawa ujazwe kahawa, mtu aone palipovunjika. Juu yake nikadondosha gundi nyepesi, ile ya majimaji inayokimbilia yenyewe kwenye nafasi. Tone moja, subiri, tone jingine. Nikaufunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, nikaukaza mzunguko juu ya mzunguko, nikauweka kivulini. Kwenye jua gundi inakauka nje na ndani inabaki mbichi, kama chapati ya mvivu.

Niko hapo namwangalia mgonjwa wangu amefungwa bendeji, simu inalia. Mama Hamza.

Lazima niwarudishe nyuma tena kidogo. Siku ya utambulisho, pale Nakaloke, nilisimama mbele ya wazee wao nikasema, "Harusi ni yenu na yetu, lakini kalamu ni yangu mimi." Wakapiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele, mzee mmoja akainuka kunipa mkono. Nikajisemea, kumbe watu wa Mbale wanapenda kalamu namna hii!

Basi Mama Hamza kwenye simu: "Mama, habari ya Jinja? Naulizia ire karamu yetu. Imefika wapi?"

Nikadhani ameuota ule ufa. "Iko tayari," nikasema. "Imebaki kukauka tu."

"Ah, mnakausha! Vizuri, haiwezi kuharibika njiani. Mmeanika kwa jua?"

"Jua hapana. Kivulini."

"Eh. Na ni kubwa?"

"Ya kiasi. Inaenea mkononi."

"Mama, watu wetu ni wengi."

"Watapokezana. Mmoja akimaliza anampa mwenzake. Wengine wakae wanaangalia."

"Wanaangaria tu?"

"Sasa wafanye nini? Kwetu ndiyo desturi."

"Hata sheikh anapokezana?"

"Sheikh ndiye wa mwisho."

Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayemhurumia mwanawe, "Haya, mama. Kira watu na desturi yao. Rara sarama." Saa sita mchana.

Nilicheka hadi nikakohoa. Nilisema huyu mama ana maswali ya kijinga kweli.

Kalamu sikuiunganisha Jinja. Niliwaambia watu kwamba mti unatakiwa upumzike kwanza mahali utakapoishi, uzoee hewa ya Mbale. Ni kweli unatakiwa. Lakini hiyo haikuwa sababu. Niliogopa. Nilifungua ule ukanda wa mpira Alhamisi, nikapiga msasa laini, mstari mweusi ukatokea kama wanja, na sikuthubutu kuisukumia chuma. Niliifunga kwenye leso pamoja na vyuma vyake na kibanio changu kidogo cha skrubu, nikaitia kwenye mkoba, na leo safari yote mkono wangu ulikuwa ndani ya mkoba. Mpunga na miwa ilipita dirishani, sijui nikiwa macho au nimelala. Mara mbili nilimsikia Afande anagonga bakora.

Nimefika hapa Nkoma kwa Zaituni baada ya sala ya Ijumaa. Sijamaliza hata maji ya kunywa, Mama Hamza huyo anaingia, na wanawake wawili nyuma yake wamebeba sufuria, kila moja mtoto anaweza kuogea ndani.

"Mama, karibu Mbare! Gari iko wapi?"

"Gari la nini?"

"Ra karamu."

Nikatoa leso mkobani. Nikaifungua juu ya goti. Kipande cha mti kirefu kama kidole, vyuma viwili, wino wake. "Hii hapa."

Wanawake wakaangalia leso. Wakaangalia sufuria zao. Mama Hamza akainama kama anayetafuta sindano.

"Mama," akasema taratibu, "hii ni karamu ya kuandika."

"Sasa kalamu nyingine ni ipi?"

"Karamu ya kura! Wari na nyama!"

Zaituni alikaa chini sakafuni. Hakukaa kwa hiari, miguu ilikataa kwa kicheko. Mimi damu ilinipanda kichwani. Mdomo nilishaufungua nimwambie huyu mama kwamba ulimi wake unahitaji msasa wa ndani. Neno lilikuwa limefika menoni.

Halafu nikauona ule mstari mweusi.

Nikafunga mdomo. Nikafungua tena, likatoka jingine, sikulipanga. Nilimwambia, "Mama Hamza, hii kalamu nimeipasua Jumanne, nikiwa nakucheka wewe unavyoongea." Nikamweleza yote, simu begani, na kitanda kirefu. Zaituni akaacha kucheka. Wale wawili wakatazama dari.

"Mama," akajibu Mama Hamza, "mimi nakucheka tangu siku ya kwanza. Unatembea kama uko gwaride. Watoto wangu wanakuita Korpora."

"Koplo?"

"Korpora. Sasa tuko sawa." Akageukia wenzake. "Mbuzi wako nyumbani, mchere uko, mama wa jirani ana marewa ya mianzi. Tukimbie. Karamu sisi, karamu wewe."

Niliyapenda hayo maneno mpaka nikatamani kuyarudia, lakini mdomoni mwangu yangeharibika. Kwangu mimi ni vitu viwili.

Lakini hawakukimbia. Walisimama kuangalia, maana Zaituni alikuwa amekichukua kile kipande. Hakusema, "Haboba, umenidanganya kifuniko cha sufuria," ingawa aliruhusiwa. Alifumba macho, akapitisha kidole, kidole kikasimama juu ya ufa.

"Unganisha," akasema.

"Ikipasuka tena?"

"Unganisha, Haboba."

Nikasugua ndani mara nyingine, mara ya nne hiyo. Nikapaka nta. Nikaweka vipande viwili vya ubao kwenye kibanio chuma kisiume, na mikono yangu, hii mliyoisoma hapa ikijisifu, ikakwama juu ya skrubu, haikuzungusha. Mama Hamza akapiga magoti bila kuulizwa, akakishika kibanio kwa mikono yake miwili. Ana mikono mizito, imetulia kama jiwe la kusagia.

"Zungusha," akasema. "Porepore, mama. Porepore."

Nikazungusha porepore. Pumzika. Zungusha. Ncha ikaingia. Tukageuza, upande wa ufa, kibonyezo. Robo. Pumzika. Mvua ilisikika juu ya bati, tone kwa tone. Robo tena. Nilikuwa nasubiri ile sauti kwa shingo, kwa meno.

Haikuja. Kibonyezo kikakaa kwenye kiti chake kimya, na mstari wa kahawa haukusogea.

Sasa wameondoka na sufuria zao, nusu wanacheka nusu wanakimbia. Alasiri inaisha. Zaituni yuko chumba cha pili, wanamjaribisha nguo. Ukurasa huu atausoma usiku au kesho, na nataka akute hapa nilichoshindwa kusema mbele ya watu: kitu cha babu yako nilikiharibu kwa mdomo, na nikakuficha, na bado ulinipa mkononi mara ya pili. Yule mwanamke wa Nalufenya niliyemfukuza benchini, nikirudi nitamwita arudi. Ila asitegemee nitamwomba radhi mbele ya wenzake. Nitamwekea chai, ataelewa.

Macho yananifumba. Wingu la mlima limeshuka hadi kwenye paa la jirani, na nyumba zote zinaelea kidogo. Kesho nitakaa nyuma kabisa mkekani, na mtu akinipa nafasi ya kuhutubia nitainua mkono tu.

Subirini.

Ni Zaituni, amepewa kalamu aijaribu, nina hakika ni yeye tu, anabonyeza na kuachia, kule nyuma ya pazia.

Tak.

Nimeshusha miguu chini kabla sijafikiri. Nimeshaanza kutafuta birika katika jiko lisilo langu.

Mzee, umefika?